Msamiati wa Kiingereza cha juu: tunakariri maneno 30 kwa siku, wiki mbili baadaye yamepotea. Tunakosea wapi?

Mwanga_Kusini (Kigoma Mjini)

Wakuu, heshima kwenu.

Kikundi chetu cha kujisomea hapa Mwanga kina watu sita. Wawili wanajiandaa na IELTS (mtihani wa kimataifa wa Kiingereza), watatu wako Kidato cha Sita, mmoja anaandika ripoti za mradi kwa Kiingereza. Tuna orodha ya maneno magumu 1,000 iliyozunguka kwenye WhatsApp, imepangwa kwa alfabeti: upande huu neno, upande ule maana ya Kiswahili. Tunakariri 30 kwa siku, jioni tunaulizana. Kesho yake karibu yote yapo. Wiki mbili baadaye hata nusu hayapo.

Na yale yaliyobaki, tukiyaingiza kwenye insha yanazungushiwa wino mwekundu. Hii hapa ilikataliwa: "The shopkeeper mitigated the price of sugar." Kamusi yetu inasema mitigate ni kupunguza. Sasa kosa liko wapi?

Tunaomba kujua maneno mangapi kwa siku yanatosha, tuanze na yapi, na tuyashike vipi. Umeme unakatika na bando si la kila siku, kwa hiyo njia isiyotegemea simu muda wote itatufaa zaidi. Natanguliza shukrani.

Mwl_Gungu (Kigoma)

Ndugu yangu, nianze na hiyo sentensi ya sukari, maana tatizo lenu lote limo humo.

"Punguza" ya Kiswahili ina mikono mirefu. Tunapunguza bei, tunapunguza mwendo, tunapunguza maumivu, tunapunguza matawi ya mwembe, tunapunguza watu kazini. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mengi, na kila neno lina vitu vyake. "Mitigate" hushika jambo baya tu: risk, effects, impact, damage. Tena si lazima baya lenyewe liondoke, kinacholainishwa ni makali yake. Mvua itanyesha vilevile, ila mitaro na miti ita-mitigate the effects of flooding. Bei si madhara, ndiyo maana "mitigate the price" inamgonga msomaji sikioni. Bei utasema reduce, lower au cut. Maumivu, mateso na umaskini huenda na "alleviate". Uhuru, madaraka au matumizi yakikatizwa, hapo ni "curtail". Thamani au ushawishi ukififia, "diminish".

Kwa hiyo orodha ya safu mbili inawapa nusu ya neno. Nusu nyingine ni jamaa zake, yaani maneno linaloandamana nayo, na kihusishi kinacholifuata. Msipojua jamaa za neno mtalitambua mkilisoma, lakini hamtaweza kuliandika.

Halafu alfabeti. Orodha ya alfabeti inaweka adapt, adept na adopt mstari mmoja, kisha adverse na averse chini yake. Maneno yanayofanana sura, yakisomwa siku moja mara ya kwanza, yanaingiliana kichwani na kila moja linamharibia mwenzake. Hata visawe vivyo hivyo: msijifunze mitigate, alleviate na curtail kwa siku moja. Shikeni moja likomae, wiki mbili baadaye leteni la pili, hapo ndipo muweke tofauti. Mitigate ina adui mwingine wa sura, "militate", ambayo huja na against na maana yake ni kuwa kikwazo kwa jambo. Msiandike "mitigate against".

Tupeni safu mbili, tengenezeni kadi. Mbele ya kadi msiandike neno peke yake. Andikeni sentensi yenye pengo na herufi ya kwanza ya neno, ili akili ilitafute neno badala ya kulitambua tu. Kulitafuta ndiko kunakolikomaza. Nawapa mfano wa ziwani kwetu:

Mbele:
*Migebuka are e_______ to Lake Tanganyika. They occur naturally nowhere else.*

Nyuma:
*endemic, kivumishi. Mkazo: en-DE-mic.*
*1. Kiumbe au mmea wa asili ya mahali hapo tu. Hufuatwa na to: endemic to the lake.*
*2. Ugonjwa au tatizo lililoota mizizi mahali, lipo siku zote. Mara nyingi hufuatwa na in: Malaria is endemic in the region. Corruption is endemic in...*
*Si sawa na epidemic, mlipuko unaokuja na kupita.*

Mnaona kihusishi kilivyo na kazi? "To" inakuelekeza kwa samaki, "in" inakuelekeza kwenye ugonjwa. Neno moja, maana mbili, na mlango wa kila maana ni kale kaneno kadogo kanakofuata. Kamusi ya safu mbili ingekupa "enye kupatikana mahali fulani" ikakuacha hapo.

Kamusi ya kutumia ni ile iliyoandikwa kwa wanaojifunza Kiingereza, Kiingereza kwa Kiingereza, yenye sentensi za mifano. Ya Kiswahili iwe ya kuhakikisha mwishoni. Ukifungua neno, usikimbilie maana. Tazama kwanza alama ya C (inayohesabika) au U (isiyohesabika) kwenye nomino, T (kinachotaka yambwa) au I (kisichotaka yambwa) kwenye kitenzi, kisha soma mifano yote hadi ya mwisho. Huko kwenye mifano ndiko jamaa za neno wanakokaa.

Reli_ya_Kati (Tabora)

Mwalimu kamaliza upande wa kadi, mimi niongezee hesabu, kwa sababu hapo kwenye 30 kwa siku ndipo mlipojifunga wenyewe.

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alionyesha mwaka 1885 kwamba usahaulifu ni wa kasi sana mwanzoni, kisha unapungua kasi. Dawa yake ni kurudia kabla jambo halijapotea, na kila marudio yaachane zaidi na yaliyotangulia. Sebastian Leitner ndiye aliyeeneza njia ya kisanduku katika miaka ya 1970. Haitaki umeme wala bando.

Chukueni boksi la viatu, mlikate vyumba vitano kwa vipande vya kadibodi. Kadi mpya zinaingia chumba cha 1, kinachofunguliwa kila siku. Cha 2 kinafunguliwa kila baada ya siku 2, cha 3 siku 4, cha 4 siku 8, cha 5 siku 16. Ukipata jibu, kadi inasogea chumba kinachofuata. Ukikosa, inarudi cha 1 hata kama ilikuwa ya 5. Usiihurumie. Neno lisilokosewa hata mara moja linapita vyumba vyote kwa siku 31 na unakuwa umeliona mara 5.

Sasa hesabu. Mkiingiza maneno 8 kwa siku, baada ya mwezi boksi limejaa na marudio ni 8 mara 5, yaani 40 kwa siku. Ongeza yanayorudi nyuma, ifanye 50. Sekunde 10 kwa kadi, hizo ni dakika 8 au 9. Mkiingiza 30, marudio yanafika 150, na kwa kuwa yaliyosomwa kwa pupa hukosewa zaidi, mtafika 190, zaidi ya nusu saa kila siku kabla hamjagusa neno jipya hata moja. Watu huacha wiki ya tatu au ya nne, pale marudio yanapofurika, wakadhani wao ni wazito wa kichwa.

Mko sita, basi gaweni hivi: kila mtu achunguze maneno 8 kwa wiki, aje nayo yakiwa na sentensi, kihusishi na mkazo. Hayo ni 48, yaani maneno 8 kwa siku kwa siku 6. Siku ya 7 marudio tu, hakuna jipya. Uchunguzi mgawane, lakini kadi kila mtu aandike zake kwa mkono wake. Kadi ya kupewa haishiki kama ya kuandika mwenyewe.

Vifaa: manila ya A1, sentimita 59 kwa 84 hivi, ikikatwa sentimita 7 kwa 10 inatoa kadi 64. Pimeni kabla ya kukata, kwani manila za steshenari hazilingani zote. Epukeni rangi nzito, wino wa bluu hausomeki kwenye manila nyekundu usiku kwa taa ya betri.

Mwenye simu janja anaweza kutumia Anki, programu ya kadi za marudio, ya Android ni bure na ikishapakuliwa inafanya kazi bila intaneti. Inapanga siku za marudio yenyewe. Onyo moja tu: msipakue kadi zilizotengenezwa na wengine zenye maneno elfu tano, mtarudi kulekule kwenye orodha ya WhatsApp.

Dada_Kasulu

Kabla ya kukata manila, hakikisheni maneno yenyewe yanastahili. Orodha za "maneno magumu" hujaa maneno ya kushangaza watu. Mtu anajua "loquacious" na "pulchritude" lakini hajui kutumia "derive" au "account for".

Averil Coxhead wa New Zealand alitoa mwaka 2000 orodha iitwayo Academic Word List, ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani nyingi. Hizo 570 zinabeba karibu asilimia 10 ya maneno yote kwenye andiko la kitaaluma, ilhali kwenye hadithi za kubuni ni asilimia 1.4 tu. Zimegawanywa makundi 10 kwa wingi wa matumizi. Kundi la kwanza lina assume, constitute, derive, establish, evident, indicate, significant, vary na wenzao, jumla 60. Kwa mwendo wa 48 kwa wiki mtazimaliza kwa wiki 12. Kwa IELTS, Kidato cha Sita na ripoti za mradi, hakuna pa kuanzia pazuri kuliko hapo. Inapatikana bure, pakueni mara moja mchape.

Familia maana yake si neno moja. "Vary" inakuja na variable, variation, varied, invariably. Mnaandika zote nyuma ya kadi moja, ila sentensi ya mbele iwe ya ile mnayoihitaji zaidi.

Na msome maandishi, si kadi tu. Chagueni andiko hivi: hesabu maneno 100 mfululizo, ukikuta zaidi ya 5 usiyoyajua, liweke kwanza, bado ni zito. Mkiwa Kigoma mna bahati ya mada. Utafiti wa sokwe wa Gombe ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960 umeandikiwa makala nyingi mno kwa Kiingereza, na mambo mnayoyajua kwa macho yanasaidia kubahatisha neno: forage, offspring, habitat, hierarchy, dominant. Ziwa nalo vivyo hivyo. Maktaba ya mkoa ikiwa na magazeti ya Kiingereza, tahariri na kurasa za uchumi zina msamiati mwingi kuliko za michezo.

Mwanga_Kusini

Asanteni sana, shikamoo Mwalimu. Tumeshaanza kukata manila. Kuna mwenzetu anashikilia tujifunze mizizi ya Kilatini na Kigiriki badala ya maneno, anasema ukijua mizizi 100 umejua maneno maelfu. Ni kweli?

Mwl_Gungu (Kigoma)

Marahaba. Ni kweli nusu. Mzizi unakusaidia kulikumbuka neno ulilokwisha kulijua, lakini ukiutumia kubahatisha neno usilolijua utakuangusha mara nyingi.

Nichukue neno la hapa kwetu. Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, sentensi inayotajwa hadi leo ni "Dr Livingstone, I presume?" Wengi tunaitafsiri "nadhani wewe ni Dokta Livingstone" tukapita. Lakini kwa nini presume, isiwe assume?

Zote zina mzizi mmoja wa Kilatini, *sumere*, kutwaa. *Prae* ni kabla. Kwa hiyo presume ni kulitwaa jambo kuwa kweli kabla halijathibitishwa, ila una sababu ya kuliamini. Alikuja kumtafuta mzungu huyo, akamkuta mzungu mbele yake Ujiji, sababu ilikuwepo. "Assume" ni kulichukulia jambo kuwa hivyo bila ushahidi, pengine kwa ajili ya hoja tu: *Let us assume that the price remains constant.* Kwenye hisabati na uchumi ni assume. Mahakamani ni presume: presumption of innocence, mtuhumiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike, nayo imo kwenye Katiba yetu ibara ya 13(6)(b).

Faida ya mzizi sasa: ukijua presume inazaa presumption, umepata bure assumption, consumption na resumption. Mkazo unahamia kwenye -SUMP-, na herufi p inachomoza ambayo kwenye kitenzi haipo. Matamshi pia: presume na resume zina sauti ya z katikati, assume na consume zina s. Hayo yote yanaingia kwenye kadi moja.

Hasara yake sasa. "Presumptuous" mtu wa mizizi atasema ni mwenye kudhani. Siyo. Ni mwenye kujitwalia nafasi asiyopewa, mtu anayeketi kiti cha mwenye nyumba kabla hajakaribishwa. Na kiambishi *in-* ni hatari zaidi. Watu wamefundishwa kuwa ni cha kukanusha, wakisoma "inflammable" kwenye lori la mafuta wanaelewa haliwaki moto. Maana yake ni kwamba linawaka upesi, kwa kuwa neno limetokana na inflame, na *in-* hiyo ni ya kuingia ndani, si ya kukana. "Invaluable" nayo si isiyo na thamani, ni yenye thamani isiyopimika. "Infamous" ni maarufu kwa ubaya.

Kwa hiyo mwambieni mwenzenu: neno kwanza, mzizi baadaye. Mkishakuwa na kadi tatu nne za ukoo mmoja, kama inspect, prospect, retrospect na perspective, hapo andikeni mzizi kwenye pembe ya kadi. Utakuwa kamba ya kuzifunga pamoja.

Jambo lingine lenye faida kuliko mizizi ni kujua neno linakaa wapi. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yaliingia kwa wingi juu ya yale ya wenyeji, na ya Kilatini yakazidi kumiminika baadaye. Ndiyo maana kuna ask ya wenyeji, question ya Kifaransa, interrogate ya Kilatini. Sisi tunalijua hili kwa lugha yetu. Kifo na mauti ni jambo moja, lakini kwenye taarifa ya polisi utasema kifo, kwenye mawaidha na shairi utasema mauti. Vivyo hivyo polisi ndio wana-interrogate. Mwalimu darasani ana-ask. Mkiandika "I interrogated my mother about lunch", neno mnalijua ila mmelivalisha nguo za kesi. Nyuma ya kadi wekeni alama: R kwa neno rasmi, K kwa neno la kawaida.

Reli_ya_Kati (Tabora)

Naongeza makosa yanayokula maksi kwa wingi, maana ni ya vihusishi kuliko ya maneno mazito. "Discuss about" haipo, ni discuss the problem. "Emphasize on" haipo, ila nomino ni emphasis on. "Request for" ni sawa kwa nomino tu, kitenzi ni request permission. "Cope up with" toeni up. "Despite of" toeni of. "Comprise of" epukeni kwenye mtihani, andikeni consist of au comprise peke yake. Yale ya discuss, emphasize na request yanatokana na kukipa kitenzi kihusishi cha nomino yake. Hivyo kwenye kadi andikeni kihusishi mara mbili, cha nomino na cha kitenzi, au mweke sifuri pale pasipo na kihusishi.

Na research, evidence, advice, equipment, information hazina wingi wala hazipokei *a*. "Researches have shown" iandikwe research has shown au studies have shown.

Dada_Kasulu

Mkazo jamani, wale wa IELTS watakutana na mtihani wa kuzungumza. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunaupeleka hivyohivyo kwenye Kiingereza. Tunasema hy-po-THE-sis badala ya hy-PO-the-sis, ca-te-GO-ry badala ya CA-te-go-ry. Na "determine" haiishii na sauti ya "main", inaishia "min". Anayejifunza neno kwa macho tu hulikosa pia kwenye mtihani wa kusikiliza, kwa sababu sauti aliyoijenga kichwani siyo inayotamkwa. Jioni mnapoulizana, msisomeane kadi kimya. Mmoja asome sentensi kwa sauti, aruke pengo, mwingine aitikie neno kwa mkazo wake. Mkazo ukikosewa, kadi inarudi chumba cha 1 kama kosa lolote.

Mwanga_Kusini

Tumeelewa, Mungu awabariki. La mwisho: kadi inayorudi chumba cha 1 mara tano sita tufanyeje? Tuikariri kwa nguvu?

Reli_ya_Kati (Tabora)

Hapana. Kadi ikirudi mara nne, tatizo ni kadi. Angalieni mambo matatu. Pengine sentensi inakubali maneno mawili tofauti, basi ongezeni herufi ya pili kwenye pengo. Pengine kuna ndugu yake wa sura ndani ya boksi, kama adverse na averse, basi mtoeni mmoja akae kwenye bahasha wiki tatu. Pengine sentensi mmeinakili kwenye kamusi na haina kitu mnachokiona kwa macho, basi iandikeni upya kwa mambo ya hapo mlipo, soko, ziwa, stesheni. Chaneni ya zamani, mwandike mpya kwa mkono, ianzie chumba cha 1.